Mali ya Mume Wakati wa Talaka

Mume anayeona ndoa yake ikielekea mahakamani hushawishika kuuza nyumba haraka au kuandikisha mali kwa jina la ndugu. Tunamshauri asithubutu. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza, kutoa zawadi au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake.

Kinga yake ni nyaraka. Hati ya kiwanja alichokinunua kabla ya ndoa aihifadhi pamoja na risiti. Hata hivyo, kiwanja hicho kikiendelezwa kwa kiasi kikubwa kwa juhudi za wote wawili, huingia katika mgawanyo chini ya kifungu cha 114. Wala mchango si fedha tu: katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilizitambua kazi za nyumbani za mke.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni mkopo. Talaka haifuti mkataba wa benki. Aliyetia saini kama mkopaji mwenza au mdhamini huendelea kudaiwa. Achukue mapema taarifa ya deni na kuiwasilisha mahakamani, kwani madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote huzingatiwa katika mgawanyo. Kuhusu akaunti ya pamoja, aiombe benki kwa maandishi kwamba fedha zitolewe kwa saini mbili.