Kusoma kwa Barua na kwa Duru



Mtu mzima akitaka kusoma, cha kwanza kumzuia ni wakati. Mchumaji hawezi kuiacha karafuu mtini kwa kuwa saa ya skuli imefika. Watu wa Uswidi, nchi ya baridi kaskazini ya Ulaya, walilifikiri jambo hili zamani.

Mjini Malmö mwalimu mmoja, Hans Hermod, alikuwa na mwanafunzi aliyehama. Akaendelea kumsomesha kwa barua, na mwaka 1898 akafungua skuli ya barua. Mwanafunzi husoma kwake usiku, huandika majibu, huyatia posta, na mwalimu huyasahihisha. Njia nzuri, ila ina upweke. Ukikwama katika hesabu usiku huna wa kumwuliza. Karatasi hufungwa, na kesho hazifunguliwi tena. (Nani kati yetu hana kitabu cha namna hiyo sandukuni?)

Dawa yake ilitoka mji wa Lund. Mwaka 1902 mwalimu Oscar Olsson aliwapanga wenziwe wa chama cha kupinga ulevi wasome kwa duru. Watu wachache huketi pamoja, kila mmoja ameshasoma, wakazungumza. Mtihani hakuna, na kiongozi ni mmoja wao. Vitabu walinunua kwa shirika, vikisha kusomwa vikawa maktaba ya chama.

Vyama vya ushirika vikaunganisha njia hizo mbili. Mwaka 1919 vilianzisha skuli yao ya barua, na baadaye wanachama wakawa wakipokea somo kwa kikundi na kujibu kwa shauri la wote.

Leo barua hupita katika intaneti. Skuli za watu wazima za huko, zilizoanza mwaka 1868 (ndizo zilizoigwa katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Tanzania Bara mwaka 1975), hufundisha pia kwa mbali. Karo hakuna. Mtu husoma saa aiwezayo, huandikiana na wenziwe, na katika masomo mengi hukutana nao skulini siku chache. Siku hizo ndizo nzito: nauli, ruhusa ya kazi, watoto waachwe na nani. Hata hivyo hazikufutwa, maana aliyekwisha kula pamoja na wenziwe huona haya kutoroka.

Maswali ya kuzungumza barzani:

Katika tawi letu, ni wangapi walioanza somo wakaliacha, na walikwama wapi?

Watu watano wenye simu moja wakutane siku gani, mavuno yakiisha?