Somo la Mwezi wa Marehemu: Chombo Kilichokuwa Kinakuja Newala



Vijana wenzangu, Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Babu na bibi tunawakumbuka bila shida. Leo nawaletea marehemu mgumu kidogo: Ludwig Bockholt, Mjerumani, nahodha wa chombo cha angani kilichoitwa L 59.

Kama wewe ni wa Newala au Masasi, ujue huyu mtu alikuwa anakuja kwenu. Oktoba 1917 vita vilifika mpaka Lukuledi, kwenye misheni ya Wabenediktini. Mwezi uliofuata jeshi la Lettow-Vorbeck lilikuwa limebanwa na Waingereza kwenye uwanda wa Makonde. Risasi zinaisha, dawa zinaisha, na maji kule juu si mnajua yalivyo ya shida. Walioumia zaidi ni wapagazi wetu. Walikufa kwa maelfu, kwa njaa na magonjwa, pande zote mbili, na wengi majina yao hayakuandikwa popote.

L 59 ilikuwa Zeppelin, yaani puto la gesi lenye injini, urefu wake zaidi ya mita 220. Tarehe 21 Novemba iliondoka Jamboli, Bulgaria, na watu 22 na karibu tani 15 za mzigo: bunduki, risasi, dawa. Haikupangwa kurudi. Ikifika, kitambaa chake kingekatwa kuwa mahema. Fikiria kupanda chombo cha namna hiyo! Wakavuka bahari, wakavuka Misri, wakaingia Sudan. Usiku wa kuamkia tarehe 23 ukaja ujumbe wa redio: rudini. Wakageuza. Walitua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 na kilomita 6,757 hewani. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Tungeishia hapo ingekuwa hadithi tamu ya ushujaa. Lakini Machi 1918 L 59, nahodha yuleyule, iliangusha mabomu juu ya mji wa Napoli, Italia, na raia wakauawa. Tarehe 7 Aprili, wakienda kuipiga Malta, chombo kililipuka juu ya bahari ya Otranto. Wote 21 waliokuwamo walikufa. Hakuna kaburi la kuwekea maua.

Sasa, mtu wa hivyo anaombewa? Mtaguso wa Vatikano wa Pili (Gaudium et Spes, 80) unasema wazi kwamba kuteketeza miji mizima pamoja na watu wake ni uovu mbele ya Mungu. Hapo hakuna kupunguza. Lakini fungua 2 Wamakabayo 12, kuanzia mstari wa 39. Tunapenda kuutaja ule mwisho, Yuda alipochangisha fedha za sadaka kwa ajili ya wafu wake. Tunaruka ya kabla yake: askari hao walikutwa na hirizi za miungu ya kigeni chini ya nguo zao. Hawakuwa safi. Ndiyo maana walihitaji kuombewa.

Mwaka jana niliandika kwenye karatasi ya nia za misa: “Watu wa L 59, waliokufa Napoli, na wapagazi wa uwanda wa Makonde.” Katekista wetu akaisoma mara mbili.

“Hawa ni ukoo wenu?”

“Wapagazi huenda ndiyo, mwalimu.”

“Na hawa wengine?”

Nikakosa jibu. Akaikunja, akaitia kwenye kikapu pamoja na zingine.