Kula Beirut: Nenda na Njaa, Nenda na Wenzako

Kosa la kwanza la mgeni katika mkahawa wa Kilebanoni ni kuagiza kama alivyozoea kwao: sahani moja ya nyama, soda, bili, kwaheri. Atashiba, lakini chakula cha Kilebanoni atakuwa hajakila. Chakula kile ni cha watu wanne au zaidi, wenye saa mbili tatu za kukaa, kila mmoja akichovya mkate wake katika bakuli la wote. Ukiwa msafiri wa peke yako, tafuta mwenzako kwanza, mkahawa baadaye.

Anzia Uwanja wa Mashahidi, katikati ya Beirut. Jina linawakumbuka walionyongwa na utawala wa Kiosmani tarehe 6 Mei 1916. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1975 hadi 1990, mpaka uliougawa mji ulipita papo hapo. Mitaa inayouzunguka ilijengwa upya kwa mawe mazuri, lakini kwa bei ambayo wakazi wengi hawakuimudu, na tangu uchumi ulipoporomoka mwaka 2019 milango mingi imefungwa. Tazama msikiti wa Mohammad al-Amin wenye kuba za buluu na kanisa kuu la Wamaroni la Mtakatifu Georgi, vilivyosimama ubavu kwa ubavu, kisha elekea mashariki hadi Gemmayzeh. Kwa mguu ni kama dakika kumi. Chakula kiko huko, kando ya barabara ya Gouraud, chini ya nyumba za zamani zenye madirisha ya matao matatu.

Mtaa huo uko karibu na bandari. Mlipuko uliotokea bandarini humo tarehe 4 Agosti 2020, ulioua watu zaidi ya 200, uliuvunja vibaya. Mkahawa mdogo wa Le Chef, uliofunguliwa mwaka 1967 na kujulikana zaidi duniani baada ya mpishi na mtangazaji wa televisheni Anthony Bourdain kula pale mwaka 2006, ulibomolewa na mlipuko huo. Michango ikakusanywa, na mwigizaji Russell Crowe akatoa dola 5,000 kwa kumkumbuka Bourdain, aliyekuwa ameshafariki. Mkahawa ukafunguliwa tena. Mikahawa ya namna hii hupika chakula cha siku, kile ambacho mama hupika nyumbani: adesi na wali, bamia kwa nyama, au mulukhiya, mboga ambayo Mluhya ataitambua kwa kijiko cha kwanza kuwa ni mrenda. Ukiwa peke yako kweli, kimbilia huko. Fika kabla ya saa nane mchana, kwa kuwa sufuria ikiisha imeisha.

Kuhusu pesa, beba dola za Marekani, noti ndogo zisizochakaa. Kabla ya 2019 dola moja ilikuwa lira 1,500 hivi. Sasa ni karibu 89,500. Bei nyingi huandikwa kwa dola, na chenji huweza kurudi kwa lira. Usiitegemee kadi yako. Kama bili haina gharama ya huduma, bakshishi ya asilimia kumi inatosha. Soma pia tahadhari za usalama za serikali yako kabla ya kukata tiketi, maana hali ya Lebanoni hubadilika haraka.

Sasa tuketi. Mlo hufunguliwa na mezze, vibakuli vingi vinavyowekwa katikati (neno hilo halina undugu na meza yetu, tuliyoipata kwa Wareno). Watu wanne waanze na vibakuli vitano vya baridi: hummus ya dengu na ufuta, mutabbal, yaani biringanya zilizochomwa motoni mpaka zikashika moshi, labneh, mtindi uliochujwa hadi ukasimama, fattoush, kachumbari yenye vipande vya mkate mkavu, na tabbouleh. Hiyo ya mwisho ndiyo kipimo cha jiko. Iwe ya kijani kibichi, majani mengi yaliyokatwa kwa kisu kikali, na ngano kidogo tu. Ukiona ngano ndiyo imejaa bakuli, punguza matumaini kwa yote yanayofuata.

Mkate mwembamba ndio kijiko chako. Umege, ukunje, uchote. Tabbouleh huchotwa kwa jani la saladi au kabichi. Nyanya, matango na nanaa vitaletwa mezani bila kuagizwa.

Kisha vije vya moto: sambousek, ambayo ni sambusa ya umbo la nusu mwezi, na kibbeh za kukaanga, madonge ya nyama na ngano. Kibbeh nayyeh ni nyama mbichi iliyosagwa na ngano. Wenyeji wanaipenda sana, lakini uile mchana tu, mahali penye wateja wengi, na mjamzito asiiguse. Mishikaki ije mwisho, pamoja na toum, rojo jeupe la kitunguu saumu. Sikiliza jina lake na utaisikia saumu yetu ndani yake. Usiagize yote kwa mkupuo. Mwambie mhudumu alete kidogo kidogo, naye atakuheshimu kwa hilo.

Gemmayzeh ni mtaa wa Wakristo wengi, na pombe ya arak, yenye harufu ya anisi, iko karibu kila meza. Kwa asiyekunywa kuna ayran ya mtindi, au jallab ya tende na zabibu. Mwislamu aulize kuhusu nyama bila haya. Swali hilo halimkeri mtu Beirut.

Siku bora ni Jumapili mchana, familia nzima zinapotoka, bibi hadi mjukuu. Siku hiyo pia utasikia Kiswahili barabarani. Wakenya wengi hufanya kazi za nyumbani mjini humo, na wanaopewa mapumziko hutoka Jumapili. Wasalimie kwa lugha ya nyumbani.

Chakula kikifika utaambiwa "sahtein", yaani siha mbili. Mwishoni huja matunda, halafu kahawa ya iliki, au "kahawa nyeupe", ambayo si kahawa bali maji moto yenye manukato ya maua ya mchungwa. Inywe hiyo ukiwa umeshiba sana. Ukimaliza, weka kikombe chini na umwambie mwenyeji wako "dayme". Ni daima yetu ileile: meza hii idumu.