SOMO LA LISHE: Mboga za Majani kwa Mtindo wa Ethiopia



Somo la toleo hili linahusu sufuria ya mboga. Huenda mtu akauliza: kuna haja gani ya kumfundisha mama wa Iringa au Mbeya kupika mboga, kazi anayoifanya tangu utotoni? Tuanze na takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya na lishe wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Iringa iliongoza nchi nzima kwa udumavu: karibu watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano. Wastani wa taifa ulikuwa 30. Na hii ni mikoa inayolisha wengine kwa mahindi, viazi na maharage!

Sababu za udumavu ni nyingi: uji mtupu kwa mtoto mchanga, magonjwa ya mara kwa mara, maji yasiyo salama, na kazi nyingi za mama zinazomnyima muda wa kumlisha mtoto. Mboga peke yake haitamaliza tatizo hili. Lakini mboga tunayo bustanini, na sehemu ya nguvu yake tunaimwaga wenyewe pamoja na maji ya kuchemshia.

Kwa nini Ethiopia?

Ethiopia ni nchi ya nyanda za juu zenye baridi kama zetu. Mboga yao iitwayo gomen ni jamaa ya sukuma wiki na figiri. Waumini wa Kanisa la Orthodox la huko hufunga Jumatano, Ijumaa na wakati wa Kwaresima, bila kula nyama, maziwa wala siagi. Kwa hiyo wamezoea kupika mboga kwa mafuta ya mimea, kitunguu, saumu na tangawizi, nayo huwa chakula kamili mezani, pamoja na mkate mwembamba wa chachu uitwao injera. Wapo wanaoichemsha kwanza. Sisi tumechagua njia isiyomwaga maji.

Mahitaji (watu sita)

- Sukuma wiki au figiri, kama kilo 1
- Vitunguu maji vikubwa 2 (vya Ilula vinafaa sana)
- Kitunguu saumu, punje 5
- Tangawizi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba
- Mafuta ya alizeti, vijiko 4 vya chakula
- Maji safi, nusu kikombe
- Chumvi yenye madini joto, kiasi
- Pilipili mbichi 1 na limao nusu

Namna ya kupika

1. Osha majani yakiwa mazima, kisha ndipo uyakate. Ukiyakata kwanza, vitamini nyingine huondoka na maji ya kuoshea. Kwa sababu hiyo, mboga inayouzwa sokoni ikiwa imeshakatwa si chaguo zuri.
2. Katakata vitunguu vidogo vidogo. Viweke kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ukikoroga mpaka vilainike. Vikianza kushika, nyunyiza maji kidogo.
3. Weka mafuta, saumu na tangawizi vilivyopondwa. Koroga dakika mbili.
4. Weka majani, chumvi na maji. Funika. Majani machanga yatatosha kwa dakika 10. Yaliyokomaa dakika 20 hivi.
5. Mwishoni weka pilipili ikiwa nzima, ili watoto wasiwashwe. Ipua, kamulia limao. Mchuzi uliobaki usimwagwe. Uliwe na ugali, wali wa Kyela au ndizi za Tukuyu.

Mambo ya kuzingatia

*Mafuta si anasa.* Vitamini A iliyomo kwenye majani ya kijani huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Mboga ya kuchemsha kwa chumvi tu hujaza tumbo, lakini haimfikishii mtoto yote iliyomo.

*Muda.* Moto wa muda mrefu hupunguza vitamini C. Tusipike kupita inavyohitajika, na limao tuliweke baada ya kuipua.

*Magadi.* Hulainisha mboga haraka, lakini huharibu vitamini. Tuyaache.

*Chai.* Chai ya Mufindi na Rungwe ni fahari yetu, ila ikinywewe na chakula huzuia madini ya chuma. Tuinywe saa moja au zaidi baada ya kula.

*Kisamvu.* Kisipikwe kwa njia hii. Kina sumu, na ni lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri.

*Sahani ya mtoto.* Mtoto aliyefikisha miezi sita aanze kupata mboga hii iliyopondwa laini, bila pilipili na bila kuongezewa chumvi, pamoja na maharage, yai au dagaa waliosagwa. Awe na sahani yake. Akichangia sinia moja na wakubwa, mara nyingi huambulia ugali na mchuzi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Nyumbani kwetu, nani hupakuliwa kwanza, na nani hubakiziwa?
2. Mafuta yakiwa machache, je, tunayaweka kwenye mboga ya watoto, au tunayatunza kwa ajili ya wageni?
3. Akina baba wa kamati, ni lini mara ya mwisho tulinunua mboga sisi wenyewe?

Tunaomba kila kamati ipike sufuria moja hadharani baada ya ibada, watu waonje na kuuliza. Kwa wahisani wetu tunasema asanteni kwa mbegu na visima. Kazi inayobaki, ya kuhakikisha kilichovunwa kinamfikia mtoto, ni yetu sisi wenyewe, na inaanzia jikoni.