Nguo za Mwindaji wa Barafuni

Ukiulizwa mtu avae nini penye baridi kali, bila shaka utajibu: koti zito kupita yote. Kwa mwindaji, jibu hilo laweza kuwa la hatari. Na tutazame mavazi ya asili ya Wainuiti wa kaskazini ya Kanada, ambao huwinda sili juu ya bahari iliyoganda, baridi ikifika hata digrii 30 chini ya sifuri.

Sili hana budi kupumua, kwa hiyo huweka matundu katika barafu. Mwindaji hutembea mwendo mrefu mpaka penye tundu, kisha husimama na chusa mkononi, pengine saa nyingi, asitikise hata mguu, maana sili akisikia kishindo hatokei. Hapo ndipo penye shida. Akitembea mwili huchemka na kutoa jasho. Akisimama, jasho lile humnyang'anya joto lake lote.

Basi huvaa nguo mbili za ngozi ya karibuu, mnyama wa jamii ya kulungu (jina hilo si "karibu" yetu ya mlangoni!). Manyoya ya nguo ya ndani huelekea mwilini, na ya nguo ya nje huelekea nje. Kila unywele wa mnyama huyu una hewa ndani yake, na kati ya nguo na nguo mna hewa pia. Kumbukeni somo la fizikia: hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Joto likizidi, mwindaji hulegeza nguo shingoni, hewa ya moto ikatoka. Akirudi, huzipiga nguo kwa fimbo zitoke theluji kabla hajaingia ndani, isije ikayeyuka na kuzilowesha.

Roald Amundsen wa Norway alijifunza mavazi haya kwa Wainuiti kati ya 1903 na 1905, naye alifika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911.

Siku hizi wawindaji wengi huvaa pia nguo za dukani. Hapo pamba haifai kugusa mwili, kwani hunywa jasho na kukawia kukauka. Sufu ni bora.

Asiyesadiki na achukue chupa mbili za maji ya moto, moja aivike soksi kavu na nyingine soksi mbichi, aziweke penye upepo, na kupima kwa kipimajoto kila dakika 5.