Somo la Mhina: Kuutambua, Kuupanda na Kuutumia kwa Hadhari



Katika pwani yetu ni nadra harusi au Idi kupita bila mikono na miguu kupakwa hina. Walakini wengi wapakao hawaujui mti wenyewe. Hununua unga dukani, na unga ukisha kusagwa haumwambii mtu ulikotoka. Kusudi la somo hili ni kukufundisha kuujua mhina kwa macho yako na kuupanda karibu na nyumba yako, ili kitu kitiwacho katika ngozi ya watu wako kiwe kitu ukijuacho tangu shina lake.

JAMAA YAKE. Wenye elimu ya mimea huuita Lawsonia inermis, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753. Ni wa jamaa moja na mkomamanga, na pia na mmea wa Ulaya uitwao Lythrum salicaria, wenye maua ya zambarau. Lakini usidhani kwamba ndugu hupenda makao mamoja. Ule wa Ulaya hupenda mabwawa na kingo za mito. Ulipofika Amerika ya Kaskazini katika karne ya 19 ulienea hata ukaisonga mimea mingine ya mabwawani. Mhina hupenda jua kali na udongo usiotuamisha maji.

KUUTAMBUA. Mhina ni kichaka au mti mdogo, kimo chake futi 6 hadi 20. Angalia mambo manne:

1. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana. Ni madogo, urefu wake kama inchi 1 au 2, na kingo zake hazina meno.
2. Vijiti vichanga vina pembe nne ukivipapasa. Jina inermis maana yake ni asiye na silaha. Hata hivyo mti ukizeeka, ncha za vitawi huwa ngumu na kuchoma kama miiba.
3. Maua ni madogo, ya rangi ya maziwa, yenye petali 4 na harufu nzuri. Hukaa mafungu mafungu katika ncha za matawi.
4. Matunda ni ya mviringo, yapata ukubwa wa punje ya pilipili manga. Yakikauka huwa ya hudhurungi, na ndani yamejaa mbegu ndogo sana.

Mkomamanga mchanga huweza kukudanganya, maana nao una miiba na majani yaelekeanayo. Ukiona shaka, ponda majani mabichi machache, uyafunge kiganjani kwa saa chache. Ikiwa ni mhina, ngozi itageuka rangi ya chungwa.

KUUPANDA. Mbegu zina ganda gumu. Ziloweke siku kadha wa kadha, ukibadili maji kila siku. Zichanganye na mchanga, uzimwage juu ya kitalu kilicholainishwa, uzifunike kidogo tu, na kuzinyunyizia maji kila siku mpaka ziote. Miche ifikapo kimo cha futi 1 hivi, ihamishe wakati wa mvua. Ukitaka ua wa kuzunguka nyumba, acha futi moja na nusu kati ya mche na mche. Waweza pia kupanda vipande vya matawi. Mche utokao katika tawi hufanana na mama yake, basi chagua mti ambao majani yake hutoa rangi iliyokolea.

KUVUNA. Mwaka wa kwanza uache mti ukue. Baadaye kata matawi mara mbili kwa mwaka, nao utachipua tena. Ukitunzwa vema huzaa miaka mingi. Kausha majani kivulini, kwa kuwa jua huharibu rangi. Yatwange, uchekeche, uweke unga katika chombo kikavu kilichofunikwa sana.

HADHARI. Hina ya kweli haitoi weusi wa mara moja. Huanza kwa rangi ya chungwa, kisha hukolea na kuwa nyekundu ya hudhurungi kwa siku moja au mbili. Ukiona unga au piko itiayo ngozi weusi kwa muda mfupi, jua kwamba huenda imetiwa dawa ya kemikali ya kupaka nywele. Dawa hiyo huweza kuchoma ngozi, kutoa malengelenge na kuacha kovu. Na aliyedhurika mara moja huweza kudhurika tena kila aigusapo, maisha yake yote.

Tena, usimpake mtoto mchanga hina yo yote, hata ile ya mti wako. Wako watoto waliozaliwa na upungufu katika damu uitwao G6PD. Hina ikipenya katika ngozi yao huvunja chembe nyekundu za damu, na mtoto huweza kufa. Upungufu huu hauonekani kwa macho. Mtoto aliyepakwa akiwa manjano, au mweupe wa midomo, au mkojo wake ukiwa mweusi, mpeleke hospitali siku ile ile.

MASWALI. 1. Utautofautishaje mhina na mkomamanga mchanga? 2. Kwa nini majani hukaushwa kivulini? 3. Jirani yako ataka kumpaka hina mtoto wa siku saba, utamwambia nini?