Bukari Haitoshi Peke Yake: Tujifunze kwa Mapishi ya Kihindi Yasiyo na Nyama
Kijitabu cha elimu ya afya kwa nyumba za Makomeno, Lubumbashi



Nyama na samaki vikipanda bei, nyumba nyingi hubaki na bukari na mboga kidogo. Tumbo linajaa, lakini mtoto hakui vizuri. Huko India, mamilioni ya Wahindu na Wajaini hawali nyama tangu enzi za mababu. Sahani yao ina wali au chapati, mchuzi wa kunde uitwao dal, mboga na maziwa ya mgando. Mpango huo tunauweza kwa vitu vya soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi.

Kwa nini kunde?
Protini ya mahindi na mchele ina upungufu ambao maharagi, adesi na karanga huuziba. Si lazima vipikwe pamoja. Vikiliwa siku moja vinatosha. Bukari ya muhogo ina protini kidogo mno, kwa hiyo anayeila azidishe kunde.

Tupike kichuri, yaani mchele na adesi
1. Chagua na uoshe kikombe 1 cha mchele na nusu kikombe cha adesi nyekundu.
2. Pika kwa vikombe 5 vya maji na manjano kidogo mpaka vilainike.
3. Tia lengalenga iliyokatwa, iive dakika chache.
4. Kaanga kitunguu kwa vijiko 2 vya mafuta, kisha tia jira. Ikianza kuruka na kunukia, mimina yote chunguni upesi kabla haijaungua. Ladha yake itakupunguzia chumvi.
5. Kamulia ndimu mezani. Vitamini C husaidia mwili kupata madini ya chuma yanayoongeza damu. Chai huyazuia madini hayo, kwa hiyo inywe saa moja baada ya kula.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 apondewe kichuri bila pilipili wala chumvi, na aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Tujihadhari
- Maharagi mekundu yasiyoiva hutapisha. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 ndipo upunguze moto wa mbabula, yaive kabisa.
- Chatine (kitoweleo kilichosagwa) na kachumbari huliwa mbichi, na kipindupindu hupitia humo. Osha mboga kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na mikono kwa sabuni. Chemsha maziwa kabla ya kuyagandisha.
- Achari (matunda au mboga zilizohifadhiwa) ina chumvi nyingi. Mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo kwa vyakula vyote. Mwenye presha aiache.
- Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa hukosa vitamini B12. Aombe ushauri kwa muuguzi, hasa akiwa mjamzito.

Usingoje
Mtoto akivimba miguu yote miwili, akikonda sana au akikataa kula, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hapo chakula cha nyumbani peke yake hakitamponya, anahitaji matibabu.